Mstari wa Ramani na Uhai wa Mtaa: Upangaji wa Kanda na Uhifadhi wa Haiba ya Mji wa Zanzibar

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna maamuzi ya upangaji wa kanda za mji yanavyolinda, na wakati mwingine yanavyodhoofisha, haiba ya mitaa ya kale. Mfano unaochunguzwa ni Mji wa Zanzibar, hususan Mji Mkongwe na eneo la Ng'ambo. Kwa kuzingatia mipango ya mji iliyoandaliwa tangu 1923, sheria za hifadhi na maandishi ya wataalamu wa historia ya mji, makala yanajenga hoja mbili. Kwanza, mpaka wa eneo la hifadhi ulirithi mgawanyo uliotiwa nguvu na utawala wa kikoloni. Pili, kibali cha ujenzi hulinda kile tu ambacho fomu yake inakiuliza: ukuta, mlango, urefu wa jengo. Mkazi, ambaye ndiye anayeupa mtaa uhai wake, hupotea kidogo kidogo bila kanuni yoyote kuvunjwa. Makala yanapendekeza kuwa maombi ya kubadili matumizi yapimwe kwa mtaa mzima badala ya nyumba moja moja, na kuwa wajibu wa matengenezo uhesabiwe kuwa sehemu ya upangaji.

Maneno makuu: upangaji wa kanda, haiba ya mtaa, hifadhi ya mji, Mji Mkongwe, Ng'ambo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu lililopo Forodhani, Zanzibar, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, limo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, ni mali ya Serikali, na ni miongoni mwa majengo yanayotambuliwa kuwa na thamani ya juu kabisa katika mji. Ni vigumu kutaja jengo jingine Zanzibar lililokuwa na ulinzi mkubwa zaidi wa maandishi.

Tukio hilo linazua swali ambalo ni kiini cha makala haya: sheria na ramani zinapotangaza kuwa mtaa fulani unahifadhiwa, ni nini hasa kinachohifadhiwa? Swali hili halihusu majumba ya kifalme peke yake. Linahusu zaidi nyumba za kawaida zilizopangana kando ya vichochoro vya Malindi, Shangani, Hurumzi na Mkunazini, ambazo kwa pamoja ndizo zinazoufanya Mji Mkongwe kuwa mji. Nyumba moja ikianguka au ikabadilishwa kuwa nyumba ya wageni, ni vigumu kusema kuwa mji umepotea. Zikibadilika nyingi, mji umekuwa kitu kingine, ingawa ramani yake haikubadilika.

Makala yamegawanyika katika sehemu nane. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inafafanua dhana kuu. Sehemu ya tatu na ya nne zinaeleza historia ya mipango na vyombo vya hifadhi. Sehemu ya tano na ya sita zinachambua utendaji wa kibali na suala la umiliki. Sehemu ya saba inageukia Ng'ambo, na ya nane inahitimisha kwa mapendekezo.

2.0 Dhana kuu

2.1 Upangaji wa kanda

Upangaji wa kanda ni uamuzi wa mamlaka ya mji kugawa ardhi katika maeneo, na kulipa kila eneo masharti yake: matumizi yanayoruhusiwa, urefu wa majengo, ukubwa wa viwanja na umbali baina ya jengo na barabara. Katika nchi za viwanda, utaratibu huu ulianza kwa lengo la kutenganisha makaazi na viwanda. New York ilipitisha kanuni zake mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha uhalali wa kanuni za aina hiyo.

Matumizi ya kanda kwa ajili ya hifadhi yalikuja baadaye kidogo. Mji wa Charleston, Marekani, ulitunga mwaka 1931 kanuni iliyolinda mtaa wa kale kwa ujumla wake, tofauti na desturi ya kulinda jengo moja moja. Ufaransa ilipata sheria ya maeneo ya hifadhi mwaka 1962, na Uingereza mwaka 1967. Fikra iliyo nyuma ya sheria hizi ni moja: thamani ya mtaa ni kubwa kuliko jumla ya thamani za nyumba zake.

2.2 Haiba ya mtaa

Katika makala haya, haiba ya mtaa ina tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni umbo: kuta, milango, mapaa, upana wa njia. La pili ni matumizi: nyumba za kuishi, maduka, misikiti, vyuo vya Kurani, karakana za mafundi. La tatu ni mahusiano: nani anamjua nani, nani hukaa barazani jioni, mtoto wa jirani akipotea hutafutwa na nani. Tabaka la kwanza linapimika kwa futi na kamera. La pili linapimika kwa kuhesabu. La tatu halipimiki kwa urahisi, lakini linategemea yale mawili yaliyotangulia, na hasa la pili, kwa kuwa mahusiano ya ujirani hayawezi kudumu pasipo na majirani.

3.0 Mstari ulivyochorwa

Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ambayo zamani ilitenganishwa na ardhi ya mashariki kwa mkono wa bahari. Upande wa pili wa maji hayo uliitwa Ng'ambo, jina linaloeleza mahali pa kusimama pa anayelitamka: ni ng'ambo kwa aliyeko upande wa mawe. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, na leo barabara ya Benjamin Mkapa inapita mahali pake.

Ni rahisi kudhani kuwa tofauti baina ya pande hizi mbili imekuwapo tangu asili: mawe huku, udongo na makuti kule. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonesha kuwa mgawanyiko wa mji katika karne ya 19 haukuwa mkali kama ulivyokuja kuelezwa baadaye. Nyumba za udongo zilikuwapo ndani ya Mji Mkongwe, na nyumba za mawe zilikuwapo Ng'ambo. Tajiri na maskini, bwana na mtumwa, mfanyabiashara na hamali waliishi karibu karibu.

Utawala wa Kiingereza ndio ulioupa mgawanyiko huo nguvu ya kanuni. Mwaka 1923 ulichapishwa mpango wa mji ulioandaliwa na H. V. Lanchester, ambao uliutazama mji kwa makundi ya wakazi na kuyapangia sehemu zao. Katika kumbukumbu za serikali nyumba ya upande mmoja iliandikwa kuwa nyumba, na ya upande wa pili ikaandikwa kuwa kibanda, hata ilipokuwa na ukumbi, vyumba, ua na baraza. Tofauti hii ya msamiati ilikuwa na matokeo katika maisha ya watu. Mwenye nyumba wa Ng'ambo aliishi juu ya ardhi aliyoilipia kodi kwa mwenye ardhi, na malalamiko juu ya kodi hiyo yalizaa mgomo mkubwa wa wakazi mwaka 1928.

Amri ya mipango miji na vijiji ya mwaka 1955 na mpango wa Henry Kendall wa 1958 viliendeleza utaratibu wa kanda. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mwelekeo uligeuka: Ng'ambo, iliyokuwa imepuuzwa, ikawa mahali pa kuonesha taifa jipya. Mpango ulioandaliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki uliongoza ujenzi wa majumba ya Michenzani, na nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo zilibomolewa ili kuyapisha. Mpango wa 1982, ulioandaliwa kwa msaada wa China, uliupanga mji mzima kwa upya. Mtaalamu wa jiografia Garth Myers amebainisha katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuwa, licha ya tofauti za itikadi, serikali za kabla na za baada ya Mapinduzi zilishirikiana katika jambo moja: ziliipanga Ng'ambo kutoka juu, bila kuwauliza wakaao humo.

Kwa hiyo, hifadhi ilipoanza kuzungumzwa kwa uzito katika miaka ya 1980, mstari ulikuwa umeshachorwa. Upande wa mawe ulionekana kuwa ndio wenye kitu cha kuhifadhiwa. Upande wa pili ulionekana kuwa ni wa kuendelezwa.

4.0 Vyombo vya hifadhi tangu 1985

Hali ya Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ya kutisha. Wamiliki wengi waliondoka nchini baada ya 1964 na nyumba zao zikachukuliwa na Serikali. Familia zilizopewa hifadhi humo ziliishi kwa kodi ndogo, mara nyingi familia kadhaa katika jumba moja lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Matengenezo yalikosa mwenyewe, na kila msimu wa masika ulikuwa na nyumba zake za kuanguka.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 1994 ikapewa sheria yake. Mwaka huohuo ulikamilika Mpango Mkuu wa Hifadhi, ulioandaliwa kwa ushirikiano wa Serikali na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni chini ya Francesco Siravo, ambaye awali alishiriki kuandaa mpango wa hifadhi wa Lamu wa mwaka 1986. Msingi wa mpango wa Zanzibar ulikuwa ni uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Majengo yapatayo 1,700 yaliorodheshwa, yakaelezwa hali yake, yakapangwa kwa madaraja kulingana na thamani yake. Mpango uliweka masharti ya ujenzi, ukachora ramani ya matumizi ya ardhi, na ukataja maeneo yanayohitaji ulinzi maalumu.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukiwa na eneo la hekta 96. Sababu zilizotolewa zinastahili kusomwa kwa makini. Mji ulitambuliwa kuwa ni ushahidi wa mchanganyiko wa tamaduni, kuwa ni kielelezo cha karne nyingi za biashara ya bahari baina ya Asia na Afrika, na kuwa mahali penye umuhimu katika historia ya kukomeshwa kwa utumwa. Hakuna hata sababu moja kati ya hizi inayohusu mawe peke yake. Zote zinahusu watu walioyapanga mawe hayo na walioishi baina yake. Sheria mpya ya Mamlaka ilipitishwa mwaka 2010.

5.0 Kibali kinauliza nini?

Mpango ni kitabu, na kibali ndicho uamuzi. Mtu anayetaka kujenga, kubomoa au kutengeneza nyumba ndani ya eneo la hifadhi huomba kibali, na hapo ndipo kanda inapokutana na maisha. Sehemu hii inachambua mambo matatu ambayo kibali huyagusa.

5.1 Vifaa vya ujenzi

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Sakafu na mapaa bapa hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi sana mita 3. Kuta ni nene, na chokaa hupitisha unyevu: ukuta unalowa na kukauka kwa kadiri ya majira.

Fundi anapopaka ukuta huo saruji, unyevu hufungiwa ndani. Kwa macho, nyumba imetengenezwa, tena inang'aa. Ndani, chokaa kinageuka unga na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza. Masharti ya kutumia chokaa, kwa hiyo, si mapenzi ya ukale bali ni elimu ya namna jengo lenyewe linavyofanya kazi. Katika jambo hili upangaji wa hifadhi uko imara, kwa sababu kanuni, sayansi na macho ya mkaguzi vinakubaliana.

5.2 Urefu na ukubwa

Urefu nao unapimika, na kwa sababu hiyo mgogoro wake huonekana. Mfano unaojulikana ni ujenzi wa hoteli huko Shangani, pembeni mwa jengo la kihistoria la Mambo Msiige, katika miaka ya 2010. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo jipya na athari zake kwa taswira ya mji kutoka baharini. Hoteli ilikamilika. Kwa mtafiti, jambo la kuzingatia ni kwamba mjadala wote ulihusu ujazo na sura. Ufukwe wa mbele ya jengo hilo, ambao ni sehemu ya maisha ya wenyeji ya kila siku, ulichukua nafasi ndogo katika mjadala wa kimataifa.

5.3 Matumizi

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi. Tangu uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1980, utalii umekuwa mnunuzi mkubwa wa nyumba za Mji Mkongwe. Nyumba ya ukoo yenye ua wa ndani hugeuka hoteli kwa urahisi: vyumba vipo, ua unakuwa sebule ya wageni, paa linakuwa mkahawa. Nyumba za maduka zenye roshani za Kihindi katika mtaa wa Gizenga na jirani zake zimegeuka maduka ya vinyago, vitambaa na viungo vya kuuzia wageni.

Mabadiliko haya yana athari kwa umbo pia. Jumba lililokuwa na choo kimoja au viwili chini, likipewa bafu kila chumba hadi ghorofa ya juu, linapokea maji ambayo kuta zake hazikujengewa. Mkahawa wa juu ya paa huongeza uzito juu ya boriti zilizokadiriwa kwa mzigo mwingine. Hata hivyo athari kubwa iko katika tabaka la tatu la haiba. Baraza iliyokuwa ya mazungumzo inakuwa meza ya bidhaa. Duka la unga na mafuta ya taa linaondoka kwa sababu wateja wake wameondoka. Chuo cha Kurani kinapungukiwa na watoto. Kila badiliko ni dogo, na kila moja linaweza kuwa halali.

Mpango wa 1994 haukusahau matumizi, kwani una ramani yake. Udhaifu uko katika tabia ya kibali chenyewe. Kibali huamua ombi moja kwa wakati mmoja. Mkaguzi huulizwa: je, nyumba hii, kwa michoro hii, inafuata masharti? Haulizwi: je, baada ya nyumba hii, katika kichochoro hiki watabaki majirani wangapi? Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Anayebandua kipande hahesabiwi kuwa amekata gogo, na ofisi inayotoa ruhusa ya kipande kimoja kimoja haioni siku gogo linapokwisha.

6.0 Umiliki na wajibu wa kutunza

Ingekuwa makosa kuhitimisha kutokana na sehemu iliyotangulia kuwa utalii ndio adui wa Mji Mkongwe. Nyumba nyingi zilizosimama leo zimesimama kwa sababu mtu alipata fedha za kuzitengeneza, na fedha hizo zilitoka kwa wageni. Nyumba zilizoanguka zilianguka mara nyingi zikiwa na wapangaji wenyeji ndani yake. Mkazi aliyebaki katika jumba linalovuja hajahifadhiwa, amesahauliwa.

Kwa hiyo suala la matumizi haliwezi kutenganishwa na suala la umiliki. Nyumba za Mji Mkongwe ziko katika makundi makuu matatu: za watu binafsi, za Serikali, na za wakfu zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kila kundi lina tatizo lake. Mmiliki binafsi hushawishika kuuza, hasa nyumba inapokuwa ya urithi wenye warithi wengi wasioelewana juu ya gharama. Nyumba ya Serikali ina mpangaji asiye na hakika ya kesho yake na mwenye nyumba asiye na bajeti. Nyumba ya wakfu iliwekwa kwa nia ya kudumu milele kwa faida ya wanufaika, lakini kodi yake ya pango, inapokuwa ndogo kupita kiasi, haiwezi kununua hata chokaa.

Hapa ndipo mafunzo ya Jumba la Maajabu yanaporejea. Sheria ya kanda hukataza: usibomoe, usipandishe ghorofa, usibadili mlango. Haiwezi kwa makatazo hayo kumfanya mtu apande juu ya paa kabla ya masika na kuziba nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jengo la matumbawe na chokaa, ufa wa paa ndio mwanzo wa kila anguko. Upangaji unaojua kukataza tu utabaki na orodha nzuri ya majengo yaliyokuwapo.

Lamu inatoa ulinganisho wa manufaa, kwa kuwa ni mji wa Waswahili wenye ujenzi unaofanana, uliotangazwa kuwa eneo la hifadhi na Serikali ya Kenya mwaka 1986 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lamu haikupitia unyakuzi wa nyumba wa namna ya Zanzibar, na nyumba nyingi zilibaki mikononi mwa familia. Hata hivyo huko nako wageni wamenunua nyumba za zamani, zikatengenezwa vizuri, na sehemu ya mwaka zimefungwa. Umbo limeokolewa, taa hazijawashwa. Ulinganisho huu unaonesha kuwa tatizo la matumizi haliishi kwa kubadili aina ya umiliki pekee.

7.0 Upande wa pili wa mstari

Kama haiba ya mtaa ni umbo, matumizi na mahusiano, basi Ng'ambo ina haiba isiyopungua ile ya Mji Mkongwe. Nyumba ya Kiswahili ya Ng'ambo ina mpangilio ulioshiba maana: baraza mbele kwa ajili ya mtaa, ukumbi katikati unaopita baina ya vyumba, ua nyuma kwa ajili ya jiko na maisha ya wanawake. Nyumba hiyo hukua: chumba huongezwa mtoto akioa, fito na udongo hupisha matofali, makuti hupisha mabati, na mpangilio hubaki uleule. Mitaa kama Kikwajuni, Kisima Majongoo na Mwembetanga ni makaazi ya watu wa kawaida wa mji, na historia ya siasa, muziki na kandanda ya Zanzibar haiwezi kuandikwa bila mitaa hiyo.

Lakini nyumba ya aina hii haikuwa na daraja katika orodha za hifadhi, kwa sababu orodha hizo zilihesabu mawe. Matokeo ni kuwa barabara moja imekuwa mpaka baina ya sheria mbili. Upande wa magharibi, kubadili dirisha huhitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi. Upande wa mashariki, mtaa mzima uliweza kutoweka bila neno hifadhi kutajwa, kama ilivyokuwa Michenzani.

Mtazamo huu umeanza kubadilika. Azimio la UNESCO la Novemba 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji lilihimiza kuutazama mji wa kale pamoja na mazingira yake yote, na Zanzibar ni miongoni mwa miji iliyojaribu kulitekeleza. Idara ya mipango miji na vijiji, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, iliandaa mpango wa eneo uliopewa jina Ng'ambo Tuitakayo, na mwaka 2019 kikachapishwa kitabu cha ramani na historia ya Ng'ambo. Katika kazi hiyo wakazi waliulizwa ni mahali gani wanapathamini. Swali hilo ni jepesi, lakini katika historia iliyoelezwa hapo juu ni jipya: halianzi na jengo, linaanza na anayelitumia.

Tahadhari moja inahitajika. Kuivusha kanuni ya Mji Mkongwe hadi Ng'ambo kama ilivyo kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Nyumba inayoishi kwa kukua haiwezi kulindwa kwa kugandishwa. Anayekatazwa kuongeza chumba ataondoka, na pamoja naye itaondoka haiba iliyokusudiwa kulindwa.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonesha kuwa upangaji wa kanda katika Mji wa Zanzibar umefanikiwa zaidi pale ambapo jambo linalolindwa linaonekana na kupimika, na umeshindwa zaidi pale ambapo linahusu makaazi na wajibu. Yameonesha pia kuwa mpaka wa hifadhi si mstari usio na historia, bali ni urithi wa maamuzi ya kikoloni na ya baada ya Mapinduzi juu ya nani anastahili nyumba na nani anastahili kibanda.

Kutokana na uchambuzi huo, mapendekezo matatu yanatolewa. La kwanza ni kuwa ombi la kubadili nyumba ya kuishi kuwa hoteli au duka lipimwe kwa hesabu ya mtaa. Kila shehia iwe na kumbukumbu ya nyumba zinazokaliwa na zile za biashara, na kiwango kiwekwe ambacho kikifikiwa, maombi zaidi hayapokelewi. Masheha wanazijua nyumba hizi kwa majina ya wenyewe. Ujuzi huo uingie katika faili la kibali.

La pili ni kuwa matengenezo yawe sehemu ya kanda. Hoteli inayonufaika na haiba ya mtaa ichangie mfuko wa kutengeneza mapaa ya nyumba za wapangaji zilizo jirani nayo, na mfuko huo uanze na nyumba za Serikali na za wakfu, ambako mkazi wa kipato kidogo bado yupo. Mpangaji anayeitunza nyumba apewe hakika ya kubaki ndani yake.

La tatu ni kuwa mpaka baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo usomwe upya. Si lazima sheria ziwe moja pande zote mbili. Lakini ni lazima swali liwe moja: uamuzi huu utawaacha wapi wanaoishi hapa?

Utafiti zaidi unahitajika hasa katika kufuatilia nyumba za kichochoro kimoja kwa miongo kadhaa, ili ijulikane waliohama walihamia wapi na kwa sababu gani. Orodha ya majengo ya miaka ya 1990 ilihesabu kuta, milango na mapaa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Orodha ya pili, ya waliokuwa wakiishi ndani ya kuta hizo, bado haijaandikwa, na kila nyumba inayobadilishwa inaifanya iwe ngumu zaidi kuandikwa.